UZI: Roboti wawili wa mapokezi, Kisumu na Nakuru. Jina moja au mawili?

Mapokezi_KSM

Hamjambo wadau. Swali langu ni la muundo, bei tuiache kwa leo.

Kliniki ina matawi mawili, Milimani hapa Kisumu na Section 58 kule Nakuru. Kila tawi litapata roboti mmoja wa mezani. Kimo sentimita 60, hatembei. Shingo inageuka kushoto na kulia na kuinamisha kichwa, macho ni skrini mbili za duara za inchi 1.28, ubongo ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, sauti inatoka mtandaoni. Kazi zake ni kusalimu, kuuliza jina, kutoa nambari ya foleni, kukumbusha miadi na kuelekeza mtu chumba. Kwa sura wamefanana kama mapacha.

Je, wote wawili waitwe jina moja na watumie kumbukumbu moja, au kila mmoja awe na yake? Na jina lenyewe liweje? Msimamizi anapendekeza "Atieno" kwa Kisumu na "Wanjiku" kwa Nakuru. Nasita, lakini sina hoja ya kumwekea mezani.

Kumbukumbu_ni_Mali

Kwa binadamu mwili, jina na kumbukumbu husafiri pamoja, ndiyo maana hatuna mazoea ya kuvitenganisha. Kwa roboti kila kimoja kina waya wake. Unaweza kuhamisha kumbukumbu ikaingia mwili mwingine, ukaweka jina moja juu ya miili kumi, au mwili mmoja ukausemesha kwa majina mawili, asubuhi karani, jioni muuguzi. Michal Luria na wenzake wa Carnegie Mellon waliyachunguza haya mwaka 2019: nafsi moja inayohama miili, na nafsi kadhaa zinazokaa katika mwili mmoja.

Kanuni yangu ni fupi: jina ni ahadi ya kumbukumbu. Mgonjwa aliyemweleza "Imani" wa Kisumu kwamba ana miadi ya kupima sukari, akimkuta "Imani" Nakuru mwezi ujao, atatarajia kukumbukwa. Asipokumbukwa atasema roboti ni msahaulifu, na lawama ataibebesha kliniki nzima. Kinyume chake ndicho kibaya zaidi, yaani majina mawili juu ya kumbukumbu moja. Alimwambia Atieno, leo Wanjiku anajua. Hapo hakuna mgonjwa atakayesema "mfumo umeunganishwa". Atasema amesengenywa.

Tom Williams, Gordon Briggs na Matthias Scheutz waliandika mwaka 2015 kuhusu roboti wanaopashana habari kimyakimya mbele ya watu. Jambo hilo huwatia watu wasiwasi. Sasa ongeza kwamba habari zenyewe ni za afya, ambazo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu kuwa nyeti.

Kwa hiyo usichague jina kwanza. Amua kumbukumbu, jina litafuata. Zikishirikiana, liwe jina moja, na mgonjwa aombwe ridhaa mara ya kwanza kabisa. Zisiposhirikiana, majina mawili, na cha kuhamisha kihamishwe kwa kutangazwa: "Nikimweleza mwenzangu wa Nakuru kwamba utakuja Jumanne, sawa?" Kwa kliniki, mimi nachagua la pili.

Fundi_Kondele

Mnazungumza nafsi, na mimi naona usambazaji wa umeme. Hata ukiipa roboti jina zuri namna gani, ikijizima katikati ya mazungumzo na kuwaka upya ikisema "Karibu, jina lako nani?" kwa mama aliyekaa nayo dakika tano, utambulisho wote umekwenda.

Kinachoizima kwa kawaida ni mota za shingo. Piga hesabu. Kichwa cha gramu 600 ambacho kitovu cha uzito kiko sentimita 4 mbele ya mhimili kinadai nguvu ya kusokota ya 0.6 × 4 = 2.4 kg·cm kukishikilia tu, kabla hujakisogeza. Mota ndogo ya SG90 inatoa takriban 1.8. Itatetemeka, itapata moto, gia zake za plastiki zitalika. Weka MG996R, karibu 9.4 kg·cm kwa volti 4.8. Lakini MG996R ikikwama inaweza kuvuta ampea 2.5 kwa volti 6, na una mbili. Ukizilisha kutoka kwenye Pi, volti zinaporomoka. Pi huanza kulalamika chini ya volti 4.63.

Kwa hiyo: Pi ipewe chaja yake ya volti 5.1 ampea 3. Mota zipewe usambazaji wao wa volti 6 ampea 5, kupitia PCA9685, bodi ya kuendeshea mota. Kapasita ya mikrofaradi 1000 (ya volti 10 au zaidi) kwenye nguzo za bodi hiyo. Waya hasi za pande zote mbili ziungane, la sivyo mota zitarukaruka bila amri. Masafa ya bodi 50 Hz. Kila mzunguko milisekunde 20 zilizogawanywa hatua 4096, kwa hiyo mpigo wa milisekunde 1 hadi 2 ni takriban hatua 205 hadi 410. Anza na 250 hadi 360 uone shingo inaishia wapi, usije ukaigongesha kwenye fremu.

Stima ikipotea: UPS (betri za akiba) ndogo za ruta nyingi zinatoa volti 5 kwa ampea 2, haitoshi. Soma lebo kabla ya kununua.

Upande wa programu, hifadhi hali ya mazungumzo kwenye hifadhidata ndogo ya SQLite baada ya kila zamu, sio mwishoni. Ikiwaka na kukuta zamu ya mwisho ina umri chini ya dakika tano, isisalimu upya. Iseme: "Samahani, nilizimika kidogo. Tulikuwa kwenye miadi yako ya Alhamisi." Zaidi ya dakika tano, chukulia mtu ameshaondoka, usije ukamtajia mwingine habari zake.

MwalimuNgeli_Njoro

Mapokezi, nusu ya swali lako umeshaijibu bila kujua. Umeandika "roboti mmoja… hatembei… kila mmoja". Fundi hapo juu ameandika "ikijizima… isisalimu". Kitu ni kimoja, ngeli mbili. Wewe umekiweka A-WA pamoja na watu na wanyama, yeye amekiweka I-ZI pamoja na redio.

Wanaotafiti jambo hili kwa Kiingereza huhangaika kati ya "he", "she" na "it". Sisi hatuna jinsia katika sarufi, lakini tuna kitu kinachowafaa zaidi: kila sentensi inamlazimu msemaji aamue kama anayezungumziwa ana uhai, na anaamua bila kufikiri. Ukimuuliza mtu "je, roboti ni kama mtu?" atakupa jibu la heshima. Ukimsikiliza anavyosimulia, viambishi vitakwambia alivyoona.

Msidhani ni suala la jina peke yake. Matatu za Nakuru zina majina, zina rangi, zina sauti kuliko sisi, na bado "nganya imefika". Sura nayo haitoshi: kinyago kina uso kamili, lakini ni kinyago hiki. Hata kusema hakutoshi, maana zimwi la hadithi huongea na kudanganya, na methali bado inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kinachoelekea kumvuta msemaji kwenye A-WA ni kujibiwa kwa zamu: nimesema, amegeuka, amejibu nilichosema. Fritz Heider na Marianne Simmel walionyesha mwaka 1944 kwamba pembetatu mbili na duara zikisogezwa kana kwamba zinafukuzana, watazamaji husimulia ugomvi wa watu. Hazina uso, hazina jina, zina mwendo wa kujibizana tu.

Kipimo: kabla ya kufungua rasmi, waombeni watu wasimulie ziara yao kwa dakika tatu, mrekodi kwa ridhaa, halafu mhesabu viambishi vyote vinavyorejelea roboti. Kiambishi cha nafsi (a-/i-/li-), cha mtendwa (nilimwuliza/niliiuliza), kionyeshi (huyu/hii/hili), kimilikishi (roboti wao/roboti yao).

Mtego mkubwa uko kwenye swali la mhoji. Ukiuliza "Alikuambia nini?" umeshampa jibu. "Ilikuambia nini?" vilevile. Uliza "Uliambiwa nini pale mezani?" Kauli ya kutendwa inamficha mtenda, na msemaji atamtoa mwenyewe kwa ngeli anayoitaka. "Simulia tangu ulipoingia mlangoni hadi ulipopewa nambari" nalo ni salama.

Takwimu_Bungoma

Mwalimu, kipimo kizuri lakini huku kwetu kina tundu kubwa. Msemaji wa Kiswahili cha mtaani wa magharibi, na hata wa Nakuru, huweka I-ZI kila mahali. "Hiyo mtoto", "hii mtu", "ile daktari ya jana". Akisema "hiyo roboti iliniambia" hajakwambia kwamba ni kitu. Amekwambia tu kwamba hakulelewa Lamu.

Dawa ni kuweka msingi wa kulinganisha kwa kila msemaji. Kabla ya habari za roboti, asimulie dakika moja kuhusu askari wa getini na dakika moja kuhusu mashine ya ATM. Sasa una vipimo viwili vyake mwenyewe. Kama askari amepata A-WA mara 9 kati ya 10 na ATM mara 0, basi roboti akipata 6 una la kusema. Kama askari mwenyewe amepata I-ZI, msemaji huyo umwondoe kwenye hesabu ya ngeli, umtumie kwenye maswali mengine.

Halafu angalia nomino aliyotumia kwanza. Aliyesema "hiyo mashine" amejifunga: i- zote zinazofuata zinatokana na neno "mashine". Aliyesema "kile kitu" vilevile. Hesabu zao kando.

Waweke wahesabuji wawili wasiozungumza. Kappa ya Cohen, kipimo cha wanavyokubaliana, ikiwa chini ya 0.7, shida iko kwenye mwongozo wenu wa kuhesabia, sio kwa wasemaji. Na watu 30 kwa kila hali ni wachache lakini si aibu. Mkitaka kuchapisha matokeo, kibali cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) na cha kamati ya maadili vitangulie. Havitolewi baada ya kazi.

Nyar_Dunga

Na wagonjwa wanaosimulia kwa Dholuo? Kwetu kiambishi ni o- kwa mtu, kwa ng'ombe na kwa basi. *Obiro*: amekuja, imekuja, limekuja. Hapo ngeli haikusaidii. Sikiliza swali atakalouliza mtoto au bibi akimwona: *En ng'a?* au *En ang'o?* La kwanza ni "nani", la pili ni "nini". Mwekeni mtu wa kuandika maswali ya hiari ya sekunde 30 za kwanza, hicho ndicho kipimo chenu kwa Dholuo.

Sasa jina. Msimamizi anaona Atieno ni jina la nyumbani, la kukaribisha. Kwa mgonjwa ni taarifa tatu kwa mpigo: A- ni mwanamke (angekuwa mwanamume ni Otieno), amezaliwa usiku, na ni Mjaluo. Nakuru, Wanjiku naye ni mwanamke na ni Mkikuyu. Nakuru hiyohiyo wanakaa Wakalenjin, Waluhya, Wakisii, Wajaluo, wote wanapanga foleni moja. Roboti akimwambia mtu "subiri, kuna watu sita mbele yako", hutaki aanze kufikiria Wanjiku anawapendelea akina nani.

Sio dhana tu. Friederike Eyssel na Dieta Kuchenbrandt, Ujerumani, 2012: roboti yuleyule aitwaye Flobi, kundi moja likaambiwa anaitwa Armin, jina la Kijerumani, jingine likaambiwa Arman, jina la Kituruki. Wajerumani walimwona Armin kuwa na ubinadamu zaidi na ukaribu zaidi. Mwili haukubadilika hata skrubu.

Rwanda, Mei 2020, roboti watano wa kupima joto na kuhudumia wagonjwa wa korona walipewa majina ya Kinyarwanda: Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo, Urumuri. Kule lugha ni moja na jina halikutenganishi na jirani. Hapa jina la ukoo au la kabila limebeba mzigo ambao roboti hawezi kuutua.

Fundi_Kondele

Basi iitwe "Kiboko". Ziwa liko hapo.

Nyar_Dunga

Kiboko kliniki, Fundi? Watoto watakimbilia barabarani.

Lakini wazo la mnyama si baya. Kisumu "Chiriku", ndege mwenye mdomo mwingi, kila mtu anajua maana. Nakuru "Heroe", yaani flamingo, kwa ajili ya ziwa. Hayana kabila, hayana jinsia, na hayagongani masikioni. Ukisema "Imani" na "Amani" utajuta: kwenye chumba chenye kelele kifaa cha kutambua usemi hakiwezi kuyatofautisha, wala bibi mwenye masikio mazito.

MwalimuNgeli_Njoro

Mmenivurugia kipimo. Heroe ni ndege, ndege ni A-WA. Atakayesema "Heroe ameniambia" nitajuaje ni ndege au ni nafsi?

Si neno. Hesabuni mafungu mawili: sentensi zenye jina kando, zenye "roboti" au bila nomino kando. Fungu la pili ndilo la kuaminika.

Na kwa kuwa Takwimu amegusa maswali mengine: hojaji inayotumika sana kupima watu wanavyowaona roboti ni Godspeed ya Christoph Bartneck na wenzake, 2009. Jozi 24 za vivumishi, alama 1 hadi 5, mafungu matano: kufanana na binadamu, uhai, kupendeka, akili, usalama. Msiitafsiri neno kwa neno. Kivumishi chetu hudai ngeli, kwa hiyo "mzuri" tayari ni mtu na "nzuri" tayari ni kitu. ("Mbaya" ni sawa pande zote mbili, kwa bahati.) Tumieni nomino za dhahania: "wema", "akili", "utulivu", "ukarimu", halafu mizani ya "hakuna kabisa" hadi "tele".

Jozi ya kupoteza na kuwa na fahamu ndiyo yenye balaa. Nimeona tafsiri zenye "aliyezimia". Kwa mashine, mtu anasoma "iliyozimwa", anajibu kuhusu swichi. Andikeni "hatambui kinachoendelea" na "anatambua kinachoendelea", kisha mwondoe viambishi: "kutotambua… kutambua". Na jozi ya bandia na yenye uhai imo mara mbili katika hojaji ya Kiingereza, kwenye fungu la kwanza na la pili. Watu watawauliza kama mmekosea kuchapa.

Sauti_Lanet

Naongeza la sauti, kwa sababu mgonjwa humsikia roboti akiwa bado mlangoni, kabla hajaiona sura.

Microsoft wana sauti mbili za Kiswahili cha Kenya, Zuri (ya kike) na Rafiki (ya kiume), na mbili za Tanzania, Rehema na Daudi. Mkiweka Zuri matawi yote, miili mapacha, macho yaleyale, basi hata mkiandika Chiriku na Heroe kwa herufi za dhahabu, watu wataona mmoja aliyevaa beji mbili. Kama mmeamua ni wawili, wape sauti mbili. Kama bajeti au usimamizi unalazimisha sauti moja, badilisha kimo cha sauti (wembamba au uzito wake) kwa asilimia 5 na kasi kwa asilimia 5 upande wa pili. Ukivuka 10 inaanza kusikika kama kaseti inayomezwa na redio.

Mkitaka sauti isiyoegemea jinsia, kuna kazi ya Denmark ya 2019, sauti iitwayo Q, iliyokaa kati ya 145 na 175 Hz. Ndio uwanda wa kulenga. Kushusha Zuri kwa nguvu hadi hapo kunaharibu irabu, ni afadhali kumpandisha Rafiki kidogo.

Intaneti ikikatika mtahitaji sauti ya akiba ndani ya Pi. Piper, programu ya kusoma maandishi kwa sauti, ina modeli ya Kiswahili lakini imejengwa kwa data ya Kongo, lafudhi si ya hapa. Sasa fikiria: asubuhi Chiriku anaongea Kikisumu, saa nane mtandao umekatika anaongea Kibukavu. Kwa msikilizaji huyo ni mtu mwingine. Heri kurekodi mapema faili 40 au 50 za sentensi za kawaida kwa sauti ileile ya mtandaoni, zihifadhiwe, na mtandao ukikatika roboti atumie hizo tu na aseme "leo sina maneno mengi, muulize karani". Sauti ibaki moja hata msamiati ukipungua.

Mawili ya kukagua kabla ya kufungua. Fedha na saa ziandikwe kwa maneno kabla ya kutumwa, "shilingi mia tatu na hamsini", la sivyo utasikia Kiingereza katikati ya sentensi. Saa hasa: saa za Kiswahili na za simu zinapishana kwa sita, "14:00" lazima igeuzwe kuwa "saa nane mchana" na programu yenu, usiiachie sauti. La pili, majina yenye ng'. Ochieng' akiandikwa kwa ritifaa iliyopinda badala ya iliyonyooka, jina linaweza kusomwa vibaya. Badilisha alama zote ziwe moja kabla ya kutuma. Roboti asiyeweza kutamka jina la mgonjwa hana haja ya jina lake mwenyewe.

Mapokezi_KSM

Asanteni sana, hoja za kumwekea msimamizi sasa ninazo. Ucheleweshaji je? Kwa simu ya majaribio jibu linachukua sekunde tatu hadi nne.

Sauti_Lanet

Ni nyingi. Binadamu hupokezana zamu kwa pengo la wastani wa milisekunde 200 hivi. Tanya Stivers na wenzake walilipima kwa lugha kumi, 2009. Roboti hatarajiwi kufika hapo. Toshiyuki Shiwa na wenzake, Japani, 2008, waliona mpaka wa uvumilivu uko kwenye sekunde mbili, na kwamba neno la kuzugia husaidia jibu likivuka hapo. Kwa hiyo weka "mmh", "ngoja nitazame", yatoke kwenye faili za ndani kabla ya sekunde moja, wakati jibu linasafiri. Yasiwe yaleyale kila mara. Matatu kwa Chiriku, matatu tofauti kwa Heroe, na hapo utakuwa umewatenganisha tabia bila gharama.

Fundi_Kondele

Wakati wa kusikiliza, shingo isimame. Mota za MG996R zinavuma na maikrofoni inabeba mvumo huo wote. Maikrofoni iwekwe kwenye msingi, sio kichwani. Mwendo wa kugeuka uchukue milisekunde 400 hadi 600, uanze polepole na uishie polepole. Ikigeuka kwa mkupuo mmoja watoto watalia.

Na kufumba macho. Vipindi vya nasibu kati ya sekunde 2 na 6. Angalia kwamba programu haianzi na mbegu (namba ya kuanzia) ileile ya nambari nasibu kwenye mashine zote mbili. Ukiziweka pamoja siku ya uzinduzi, zote zikafumba na kufumbua kwa wakati mmoja, hakuna maelezo yatakayowaokoa: ni moja.

Kumbukumbu_ni_Mali

Nyongeza moja kuhusu sura, kwa kuwa msimamizi anayetaka "Atieno" kesho atataka ngozi ya mpira na nywele. Masahiro Mori aliandika mwaka 1970 kuhusu bonde: kufanana na mtu kunapendeza hadi karibu na mwisho, halafu ghafla kunatisha, na mwendo unalichimba bonde zaidi. Skrini mbili za duara ziko upande salama. Mkae hukohuko.

Na mwili ukiharibika? Sony waliacha kutengeneza roboti-mbwa wao wa awali, Aibo, mwaka 2006, huduma ya ukarabati ikafungwa 2014, na hekalu la Kofuku-ji huko Isumi likaanza kuwafanyia ibada za mazishi kabla ya kutolewa vipuri. Jibo, roboti wa nyumbani, yeye alikufa kwa njia nyingine: 2019 mwili uko mzima mezani, seva ndiyo inazimwa. Nanyi mnaweza kupatwa na yote mawili. Amueni sasa. Mkibadilisha mwili na kuhifadhi kumbukumbu, jina libaki na roboti aseme kwa wiki mbili "nimebadilishiwa mwili, bado ni mimi". Mkipoteza kumbukumbu, msimrudishie jina la zamani. Jina jipya, salamu mpya. Kadi ya SD inakufa kabla ya mota, kwa hiyo nakala ya akiba kila usiku, ikiwa imefungwa kwa nywila, na nakala ya Kisumu isikae Nakuru.

Mapokezi_KSM

Nimeandika hivi kwa msimamizi: majina Chiriku na Heroe. Kumbukumbu mbili. Cha kuhamishwa ni tarehe ya miadi peke yake, kwa ridhaa inayoombwa kwa sauti. Chiriku atumie Zuri, Heroe atumie Rafiki aliyepandishwa kidogo. Chiriku fremu ya kijani, Heroe ya waridi. Majaribio ya watu 30 kila tawi, masimulizi ya askari na ATM yakitangulia.

Limebaki bango la mezani. Karani ameandika "Muulize Chiriku, atakusaidia".

Takwimu_Bungoma

Litoe hadi majaribio yaishe. "Muulize" na "atakusaidia" ni A-WA mbili kwenye maneno matatu, kila mgonjwa atazirudia kwenye kinasa.

MwalimuNgeli_Njoro

Andikeni: "Karibu. Ukisikia mlio, sema jina lako." Jina la roboti alitaje mwenyewe anaposalimu, mara moja tu. Na karani wawili wa zamu waelezwe kabla: wakiulizwa na mgonjwa "hiki ni nini?" wajibu "ni mapokezi".